Acheni Kulaumu Koseti

Mwezi uliopita kikundi chetu cha kusoma vitabu kilimaliza Jane Eyre. Tulikuwa tisa, chai ya tangawizi mezani, mjadala mtamu kwelikweli, mpaka mwenzetu mmoja, msomaji mzuri tu, akacheka na kusema: "Lakini hawa wanawake wa enzi za Malkia Victoria nao walijitakia. Mtu unajibana kiuno mpaka unazimia, unaondolewa mbavu ili upendeze, halafu unalia unaonewa?" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akatoa simu, akatuonyesha picha ya mwanamke mwenye kiuno cha nyigu, na kitabu kikaishia hapo. Nusu saa nzima tukawa tunajadili koseti. Jane mwenyewe tukamsahau kabisa.

Usiku ule sikuwa na jibu. Nilitabasamu, nikanywa chai yangu, nikaondoka na hasira ambayo sikuielewa vizuri hadi nilipofika nyumbani. Makala hii ndiyo jibu nililoshindwa kulitoa. Nasema hivi: hadithi ya koseti kama tunavyoisimulia nusu yake ni uongo, na ile nusu ya kweli tunaitumia kufichia mambo mazito zaidi. Tunapomcheka mwanamke kwa alichovaa, aliyemvisha anapita mlango wa nyuma, hakuna anayemuuliza kitu.

Tuanze na uongo, maana huo ni rahisi kuumaliza.

Mbavu kwanza. Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901. Dawa za usingizi, etha na klorofomu, zilianza kutumika hospitalini 1846 na 1847. Joseph Lister alichapisha matokeo yake ya kuua vijidudu kwenye vidonda mwaka 1867. Kabla ya hapo, na kwa muda mrefu baada ya hapo, mtu angeweza kufa kwa upasuaji mdogo tu kwa sababu kidonda kimeoza. Sasa nani angekubali kupasuliwa ubavu kwa ajili ya gauni? Wanahistoria wa mavazi waliolifuatilia jambo hili hawakupata ushahidi wa upasuaji huo. Ni umbea uliodumu zaidi ya miaka mia moja.

Halafu kiuno chenyewe. Valerie Steele, kwenye kitabu chake kuhusu historia ya koseti kilichotoka 2001, hakuridhika na picha na michoro, alikwenda kuangalia koseti zenyewe zilizobaki makumbusho. Nyingi zilikuwa na kiuno cha kati ya inchi 20 na 26. Na kumbuka koseti ilifungwa kwa kamba mgongoni na mara nyingi iliachwa na nafasi katikati, kwa hiyo kiuno cha mvaaji kilikuwa kikubwa kuliko kipimo cha nguo. Zile picha za kutisha? Wapiga picha wa wakati ule walijua kukwangua na kuchora negativu ili kupunguza kiuno. Hatukuanza sisi na programu zetu za simu. Na zile barua za wasichana wanaosimulia walivyobanwa mpaka inchi 16, nyingi zilitoka kwenye gazeti moja la akina mama la London katika miaka ya 1860, na wataalamu wengi wanaona kwamba sehemu kubwa ya barua hizo ni ndoto za watu waliofurahia kuandika mambo hayo.

Sisemi koseti ilikuwa pajama. Kulikuwa na waliojibana kupita kiasi na wakaumia. Ninachosema ni kwamba kwa wanawake wengi koseti ilikuwa nguo ya ndani ya kila siku, kama sidiria ilivyo kwetu. Ilishika matiti, ilibeba uzito wa magagulo kiunoni, na mjakazi aliyesugua sakafu aliivaa kama bibi yake. Mtu hasugui sakafu akiwa amezimia.

Hata ile krinolini, lile tenga la pete za chuma lililoanza kuuzwa 1856 na ambalo kila mtu hulicheka, wanawake waliipokea kwa furaha kwa sababu ya maana. Kabla yake, sketi pana ilishikiliwa na magagulo matano, sita, mengine yamefumwa kwa nywele za farasi. Tenga la chuma lilikuwa jepesi, miguu ikapata nafasi ya kutembea. Ndiyo, lilikuwa na hatari yake. Nyumba zilikuwa na moto wa wazi, vitambaa vilikuwa vyepesi, na sketi pana haina habari na kinachoendelea nyuma yake. Florence Nightingale aliipiga vita krinolini kwenye kitabu chake cha uuguzi cha 1859. Fanny, mke wa mshairi Longfellow wa Marekani, aliungua gauni likiwa mwilini akafariki 1861. Dada wawili wa Oscar Wilde, waliochangia naye baba, Emily na Mary, walikufa hivyohivyo kule Ireland mwaka 1871. Kwa hiyo wanaosema mavazi yale yaliua hawakosei. Swali langu ni jingine: yaliua nani zaidi, na nani alilipwa?

Maana, jamani, tunazungumza siku zote kuhusu aliyevaa gauni. Aliyelishona je?

Juni 1863, London. Mary Anne Walkley, miaka 20, mshonaji kwenye duka la nguo la watu wa kasri. Mji mzima uko kwenye shamrashamra za binti wa kifalme kutoka Denmark, aliyeolewa na mrithi wa kiti cha Uingereza, na mabibi wakubwa wanataka magauni ya dansi. Walkley na wenzake 60 wakashona kwa saa 26 na nusu bila kupumzika, 30 kwenye chumba kimoja, hewa haitoshi hata theluthi ya watu wale. Ijumaa akaugua. Jumapili akafa. Daktari aliyeitwa alisema wazi kilichomuua: saa nyingi za kazi, chumba cha kazi kilichofurika, na chumba cha kulala kidogo kisicho na hewa. Habari ikaenea magazetini, na Karl Marx akaiingiza kwenye Das Kapital mwaka 1867.

Miaka miwili kabla ya hapo, 1861, Matilda Scheurer, miaka 19, alikufa mji huohuo. Kazi yake ilikuwa kunyunyizia unga wa kijani majani ya maua bandia, yale ambayo wanawake walibandika kofiani na kwenye nywele. Unga ule ulikuwa na aseniki, sumu tupu. Alitapika maji ya kijani, weupe wa macho yake ukageuka kijani.

Ukiuliza watu leo kuhusu mavazi ya Kivictoria na madhara yake watakuambia mbavu na kuzimia. Walkley na Scheurer hawatajwi. Na hii si bahati mbaya. Mwanamke aliyezimia kwa kujibana amejiumiza mwenyewe, tunaweza kumcheka tukalala usingizi. Msichana aliyekufa kwa kushonea watu magauni ameuawa na mtu mwenye jina, duka na daftari la mahesabu. Hiyo haichekeshi, inadai mtu ajibu.

Wakati ule pia walijua hila hii. Gazeti la vichekesho la Punch lilichora krinolini wiki baada ya wiki: wanawake wamekwama mlangoni, wanawake wamejaza basi la farasi peke yao. Madaktari nao kila ugonjwa wa mwanamke waliusukumia kwenye kamba za koseti. Ukiwasoma wote pamoja unaweza kuamini kwamba tatizo kubwa la mwanamke wa Uingereza karne ya 19 lilikuwa kichwa chake chepesi kinachopenda fasheni.

Twende sasa kwenye sheria. Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wa riwaya wanisikilize vizuri, kwa sababu bila sheria hii riwaya zile hazieleweki.

Mwanamke wa Kiingereza alipoolewa, mali yake inayohamishika ilihama siku hiyohiyo kwenda kwa mume. Fedha, vyombo, vito, mshahara wake kama anafanya kazi. Na nguo. Gauni alilovaa, gagulo lililo chini yake, koseti hiyo tunayoipigia kelele, kisheria ni vya mume. Caroline Norton, mwandishi, aliachana na mumewe mwaka 1836, mume akabaki na watoto, halafu akadai hata mapato ya vitabu alivyoandika mke. Mwaka 1855 Norton alichapisha barua kwa Malkia akieleza jambo hili kinagaubaga: mke wa Kiingereza hana kitu. Sheria ikaanza kulegea 1870, na hadi 1882 ndipo mwanamke aliyeolewa akapata haki kamili ya kumiliki mali yake.

Katika miaka ya 1870 mwizi alimchomolea Millicent Fawcett pochi kwenye stesheni ya treni London. Mwizi akakamatwa. Mahakamani Fawcett akasikia shtaka likisomwa: kijana huyu ameiba pochi iliyo mali ya Henry Fawcett. Yaani mumewe! Pochi ilikuwa mikononi mwake yeye, lakini haikuwa yake. Huyu ndiye baadaye aliyeongoza harakati za wanawake kupata kura Uingereza, na tukio lile hakulisahau.

Kwa hiyo tunapouliza "kwa nini hawakuvua tu?", tujiulize kwanza wangevua nini, wakati hata cha kuvua kilikuwa cha mtu mwingine.

Sasa rudi kwenye Jane Eyre ukiwa na hilo kichwani. Kikundi chetu kilipita ukurasa bila kuona. Rochester, akishamchumbia Jane, anampeleka dukani na kumwambia achague magauni sita. Jane anakataa, anapunguza mpaka mawili. Yeye anataka hariri ya zambarau na satini ya pinki. Jane anapigania nyeusi na kijivu. Wasomaji wengi huona hapa msichana wa kilokole anayeogopa rangi. Mimi naona mtu anayejua hesabu. Kila gauni analopokea leo linamgeuza mdeni, na siku atakapofunga ndoa hata yale magauni yake ya zamani ya ualimu, aliyoyanunua kwa mshahara wake, yatakuwa ya bwana. Ndiyo maana anasisitiza kuendelea kufundisha na kulipwa. Halafu Rochester, kwa kiburi chake, anaagiza shela ya thamani kutoka London hata hivyo. Na nani anayeichana vipande viwili usiku? Mke wa kwanza, aliyefungiwa darini, ambaye mali yake yote ilishahamia kwa mwanamume huyohuyo. Charlotte Brontë aliandika hayo 1847, miaka 23 kabla Bunge halijaanza kusikia.

Na kabla ya hapo, kule shule ya Lowood, Brocklehurst anaamuru mabinti maskini wakatwe nywele kwa sababu zimejikunja, eti ni tamaa za mwili, hata kama Mungu ndiye aliyezikunja. Anahubiri unyenyekevu na mavazi duni. Katikati ya mahubiri mlango unafunguliwa, wanaingia mke wake na mabinti zake wamevaa mahameli, hariri na manyoya, nywele zimesokotwa kwa ustadi. Tukio zima ni kurasa chache. Kwangu mimi linaeleza maadili ya enzi ile vizuri kuliko maonyesho yote ya koseti: kanuni ya mavazi ilihusu nani amevaa kuliko nini kimevaliwa. Hariri ya tajiri ni heshima, mkunjo wa nywele za maskini ni dhambi.

Ushahidi wa nje ya riwaya upo. Mwaka 1842 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku wanawake kufanya kazi chini ya mgodi. Kazi ile ilikuwa ya kikatili, hilo halina ubishi. Lakini soma kelele za wakati ule: kilichowashtua mabwana wengi zaidi ni kwamba wasichana chini ya ardhi walivaa suruali na wengine walikuwa kifua wazi kwa sababu ya joto. Wanawake wakabaki kufanya kazi juu ya mgodi, wakipepeta makaa ya mawe. Kule Wigan walivaa suruali, aproni fupi na viatu vya mbao, kwa sababu sketi ndefu karibu na mashine ni kifo. Watu wakanunua picha zao kama vituko. Miaka ya 1886 na 1887 likaja jaribio la kuwafukuza na huko juu pia, na suruali ikawa moja ya hoja: kazi hii inamvua mwanamke uanawake wake. Wanawake wale hawakukaa kimya. Mwaka 1887 walipanda treni mpaka London kumwona waziri wa mambo ya ndani, na wakabaki na kazi zao.

Au chukua sheria za magonjwa ya zinaa, zilizoanza 1864 na kufutwa 1886 baada ya kampeni ndefu ya Josephine Butler. Katika miji ya kambi za jeshi, polisi waliovaa kiraia waliweza kumkamata mwanamke waliyemshuku ni kahaba na kumpeleka kupimwa kwa nguvu. Sheria haikueleza kahaba ni nani. Askari alikuwa na macho yake tu. Hebu vaa viatu vya msichana wa kiwandani asubuhi ile: ukivaa duni wewe mchafu, ukivaa utepe mwekundu wewe unauza. Wapi hapo koseti ndiyo shida?

Najua nitajibiwaje, maana nimeshajibiwa hivyo: "Lakini wanawake wenyewe ndio waliolazimishana." Ni kweli. Sitakwepa.

Mwaka 1898 Lady Harberton, kiongozi wa chama cha mavazi ya busara kilichoanzishwa London 1881, alikuwa safarini kwa baiskeli huko Surrey. Chama chake kilitaka, pamoja na mengine, nguo za ndani za mwanamke zisizidi ratili saba, yaani kama kilo tatu. Fikiria zilikuwa na uzito gani kabla! Alivaa suruali pana iliyofungwa magotini. Akaingia hotelini kula. Mwenye hoteli, mwanamke, Bi Sprague, akamkatalia chumba cha heshima na kumwelekeza kwenye chumba cha baa. Kesi ikaenda mahakamani 1899, na Bi Sprague akashinda: chakula hukunyimwa, umepewa chumba kingine.

Nilipoisoma kesi hiyo nilicheka, halafu nikanyamaza. Miaka michache iliyopita nilikwenda ofisi moja ya umma kufuatilia habari. Nilivaa sketi inayogusa magoti. Mlangoni kuna tangazo lenye michoro ya nguo zisizoruhusiwa, na michoro karibu yote ilikuwa ya wanawake. Mlinzi alikuwa mama wa umri wa mama yangu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hivyo hupiti." Akainama chini ya meza, akatoa khanga iliyopauka ambayo ilishafunga viuno vya wanawake wengi kabla yangu. Mpiga picha wangu, mwanamume, amevaa fulana na kandambili, alishapita zamani. Nilipoanza kubisha, mama yule akanisogelea, akaninong'oneza: "Mwanangu, bosi akikuona hivyo, kibarua changu kinaota nyasi."

Nikaifunga khanga. Na tangu siku hiyo nimeacha kusema "wanawake ndio adui wa wanawake". Yule mama alikuwa analinda mshahara. Bi Sprague alikuwa analinda hoteli inayoishi kwa sifa njema. Mama wa Kiingereza aliyemkaza binti yake kamba za koseti alikuwa anamtafutia ndoa katika nchi ambayo msichana wa tabaka lao bila ndoa alibakiwa na ualimu wa nyumbani, kushona, au kuhurumiwa na kaka. Aliyeandika kanuni hawi mlangoni. Yuko ndani, anaendelea na kikao.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linatuhusu sisi wa pwani moja kwa moja. Wakati huohuo ambapo gauni la mke wa Kiingereza lilikuwa mali ya mumewe, Wazungu waliofika Unguja waliandika kwa huruma juu ya wanawake waliofunika nyuso kwa barakoa, eti hawa ndio watumwa wa waume zao. Bi Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Unguja 1844. Baba yake alipofariki 1856, msichana yule mdogo alipata urithi wake mwenyewe, likiwemo shamba, na kwa sheria ya Kiislamu ndoa isingemnyang'anya. Baadaye aliolewa na Mjerumani, akaishi Hamburg kama Emily Ruete, akavaa magauni ya Kizungu, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake akiwajibu Wazungu kwamba wanawake wa kwao hawawajui. Sitaki kumfanya malaika. Shamba lile lililimwa na watumwa, na aliwatetea wenye watumwa kwa maneno yanayokera kusoma. Lakini kwenye hili aliwakamata: walikuwa wanahesabu vitambaa na kusahau kuhesabu hati za mali.

Sisi nasi, zaidi ya karne moja baadaye, tunawafanyia Waingereza wale walichowafanyia bibi zetu. Tunaangalia nguo, tunasikitika, tunacheka, tunafunga kitabu.

Kikundi chetu kinakutana tena mwisho wa mwezi huu. Nimeomba turudie Jane Eyre kwa saa moja tu, kurasa tatu: Brocklehurst na nywele, Rochester dukani, shela usiku. Yule mwenzetu amekubali, ingawa amesema atakuja na picha zake. Aje nazo. Nitamuuliza kuhusu kila picha maswali matatu: gauni hili limeshonwa na nani, limelipiwa na nani, na sheria inasema ni la nani. Akimaliza kuyajibu, tutaongea kuhusu kiuno.